Undugu wa Mawindoni: Kutoka kwa Mbegha Hadi kwa Babu Zetu



Kwa kawaida mimi huandika ukurasa mmoja tu katika kijitabu hiki, ule wa mahesabu, na najua wengi wenu huuruka mkaenda kutazama picha za mkutano. Mwaka huu nimeiomba kamati initengee na kurasa hizi za historia. Sababu ni moja. Katika mkutano mkuu uliopita, tulipofika kwenye mfuko wa ada za wanafunzi, mjumbe mmoja alisimama akauliza kwa upole kabisa: je, ni haki fedha zetu zisomeshe watoto wa watu waliokuja? Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Ukumbini walikuwamo watu watatu au wanne walioinamisha vichwa, na mmoja wao ni mtu ambaye tangu nikiwa mdogo namwita kaka. Hoja iliahirishwa kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na chakula kilikuwa tayari. Mimi chakula hakikunipita.

Basi nimeona kabla hatujairudia hoja hiyo tukumbushane sisi wenyewe tulikujaje, na ni kitu gani kilichowafanya wageni wa zamani kuwa wenyeji. Kwa upande wetu jibu linaanzia porini, kwenye mawindo.

Habari za Mbegha kila mtoto wa Lushoto, Bumbuli au Mlalo amesimuliwa na bibi yake. Anayetaka kuzisoma kwa utulivu azitafute katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyeishi Usambara na kuwafahamu Wakilindi kwa karibu. Mwanahistoria Steven Feierman naye alizungumza na wazee wetu wengi, akazichambua habari hizo katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Washambaa, kilichotoka mwaka 1974. Masimulizi hayafanani kila mahali, Vugha wana yao na Bumbuli wana yao, lakini uti wa mgongo ni mmoja.

Mbegha alikuwa mtu wa Ngulu. Alizaliwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na kwa desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alionekana ni balaa. Wazazi wake walimlea hivyo hivyo. Walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi wakataka kumwua. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake. Akafika Kilindi, akapokewa vizuri, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawa wanawinda pamoja. Siku moja yule kijana akauawa mawindoni. Mbegha hakuthubutu kurudi kumtazama baba mtu usoni. Akashika njia ya porini, na vijana wa Kilindi wakafuatana naye.

Sehemu hii hupitiwa haraka, kwa sababu msimuliaji na wasikilizaji wote wana hamu ya kufika kwa simba. Mimi naona ndiyo yenye uzito. Ukoo ulioitawala Shambaai kwa vizazi na vizazi haukujiita kwa jina la Mbegha, wala kwa jina la Ngulu alikozaliwa. Ulijiita Wakilindi, kwa jina la mahali alipompoteza rafiki yake. Na wale vijana waliomfuata hawakuwa wa damu yake. Walikuwa wenzake wa kambi moja, moto mmoja na chungu kimoja. Hao ndio waliokuwa ukoo wake wa kwanza.

Akiwa bado mtu wa pori, alipanda mpaka kwenye milima yetu. Watu wa mlimani waliona moshi wa kambi yake, wakaenda kutazama ni nani. Akawapa nyama, nao wakamletea vyakula vya mashamba yao. Wakarudi tena, akawapa tena. Ukiisoma kwa macho ya kihasibu utaona hapo biashara: huku wapo watu wenye wanga kwa wingi na nyama kidogo, kule yupo mtu mwenye nyama asiyelima. Lakini Feierman anaonyesha kwamba haikuishia kwenye kubadilishana. Nyama ilizaa ukwe. Kila sehemu iliyoonja ukarimu wa Mbegha ilitaka kumfunga asiondoke, na njia ya kumfunga mtu ni kumwoza binti. Bumbuli walimpa mke, na mtoto wa mke huyo, Bughe, ndiye aliyemrithi. Tangu hapo ikawa desturi kwamba mrithi wa ufalme akae kwanza Bumbuli, kwa wajomba, ndipo aitwe Vugha. Watu wa Bumbuli wanaojisifu kwa hilo mpaka leo wana haki yao.

Simba alikuja baadaye, usiku, Mbegha akiwa safarini kuelekea Vugha. Alimwua, na kwa hilo akaitwa Simba Mwene, jina walilolichukua wafalme waliomfuata. Sitalirefusha, mnalijua kuliko mimi.

Nitasema jambo moja ambalo wengine wetu huwa tunalifunika. Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe. Nyama iliyojenga ufalme wetu, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya nguruwe pori. Abdallah bin Hemedi alikuwa Mwislamu na aliliandika bila kupepesa macho. Sisi Waislamu wa leo tunaweza kucheka kidogo na kuendelea, maana kwa mkulima wa mlimani nguruwe si nyama tu. Nguruwe ni adui anayeweza kulala na shamba lako la mahindi usiku mmoja na kukuachia mabua. Mtu aliyefika na mbwa wanaojua kumzingira mnyama huyo alileta mlo, na alileta ulinzi wa mlo unaokuja. Ndiyo maana sishangai kwamba wazee wetu walimwona kuwa ni mtu wa kuzifya shi, wa kuiponya nchi, kabla hajashika madaraka yoyote.

Kwa nini walimkubali mgeni badala ya kumchagua mmoja wao? Feierman anaeleza kwamba wakati huo, katika karne ya 18, makundi mengine yalikuwa yameshaingia milimani, wakiwamo Wambugu na ng'ombe wao, na jamii ndogo ndogo za Washambaa, kila moja na wazee wake, zilihitaji mtu wa kuziunganisha. Mtu asiye wa upande wowote, mwenye wake kila upande, alifaa kuliko mzee wa bonde moja ambaye bonde la pili lina kesi naye.

Sitaki nionekane naipamba historia. Kilichoanza kama nyama ya kugawiwa kiligeuka kodi. Johann Ludwig Krapf alipofika Vugha mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa mfalme mkubwa, na watoto wake wakitawala sehemu mbalimbali kwa niaba yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu waligombana, Semboja wa Mazinde akiwa na bunduki na wafanyabiashara nyuma yake, na watu wa kawaida wakauzwa utumwani na watawala wale wale ambao babu yao aliingia kwa kugawa nyama. Wabondei walichoka, wakawafukuza Wakilindi katika vita vya Kiva mwishoni mwa miaka ya 1860. Kwa maneno ya wazee, nchi ilikuwa imeharibiwa: kubana shi. Kwa hiyo simtetei kila aliyekuja kwa sababu tu alikuja. Ninachosema ni kwamba Mbegha alihesabiwa mwenyeji kwa alichokileta mezani, na wajukuu zake walichukiwa kwa walichokiondoa.

Wajerumani walipokuja mawindo yenyewe yalianza kubanwa. Amri ya Gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 ilidai leseni na kuzuia njia za kuwinda kwa makundi, kama vile nyavu na moto. Misitu ya milimani ikawekewa mipaka na walinzi. Lushoto yenyewe ikaitwa Wilhelmstal. Waingereza wakaendelea pale pale kwa sheria zao, na mwaka 1951 nyika ya Mkomazi, ile inayoonekana chini ukisimama ukingoni Mtae, ikatangazwa kuwa pori la akiba. Siku hizi ni hifadhi ya taifa. Babu yangu aliwinda katika mlango mwembamba kati ya sheria hizo: kulinda shamba lake na kupata kitoweo cha mara moja moja. Haya yanayofuata ni ya kwake.

Babu alikuwa mkulima wa Mtae, wa mahindi, maharage na migomba. Mashamba yake ya juu yalipakana na upande wa msitu wa Shagayu, na nguruwe walikuwa wakitoka humo usiku kama wapangaji wanaorudi nyumbani. Alikuwa na mbwa wanne na mkuki wenye mpini wa kubadilishwa. Wakati wa kiangazi alishuka nyikani, mwendo wa kuanzia alfajiri, kutafuta paa.

Huko chini, mbwa wake walimfukuza paa, na mbwa wengine wakamfukuza paa yule yule kutoka upande wa pili. Mbwa wa yule mtu mwingine walimkamata kwanza. Babu alifika kwanza, akamchinja kwa Bismillahi kabla hajafa. Sasa paa ni wa nani? Mtu mwenyewe alikuwa Mpare kutoka upande wa Mamba, alikuwa na shamba la mahindi huko bondeni. Babu alikuwa akisimulia kwamba walitazamana kwa muda, mbwa wakiendelea kupigana, mpaka yule Mpare akasema: wewe umemhalalisha, mimi nimemkamata, ukiondoka naye mzima utakuwa mwizi na nikiondoka naye mzima nitakuwa mwizi. Wakampasua katikati. Walitumia kisu cha babu kwa sababu ndicho kilichokuwa kikali. Tangu siku hiyo walipanga siku za kukutana.

Siku zilikuwa na ugumu wake. Babu Mwislamu asingekosa Ijumaa. Rafiki yake alikuwa Msabato, kama walivyo Wapare wengi wa kusini, na Jumamosi hagusi kazi. Kwa hiyo Wabumbuli wanaotucheka kwamba Mtae watu waliwinda Jumapili kama wapagani wajue sababu. Na walipowinda nguruwe juu mlimani ili kulinda mashamba, hakuna kati yao aliyeweza kumla, kwani Wasabato nao hawali. Waliofaidi ni majirani Walutheri, ambao walitoka kanisani wakakuta nyama inawangoja kando ya njia. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akimtania babu kwamba katika kijiji chote ni Sheikh peke yake anayetoa zaka kwa Walutheri. Jamaa hao walirudisha kwa kazi: wakati wa palizi walikuja na majembe yao shambani kwa babu bila kuitwa.

Kuhusu mgawo, utaratibu ulikuwa mkali kuliko wa benki. Mwenye mkuki wa kwanza alichukua paja na ngozi. Wa pili, bega. Mwenye mbwa aliyeshika alipata ubavu, na mbwa mwenyewe alipewa chake hapo hapo, kwa sababu mbwa anayedhulumiwa hafanyi kazi tena. Mtoto aliyebeba maji alipata moyo au figo. Mtu aliyeugua akabaki nyumbani aliwekewa fungu kama yupo. Baba yangu aliniambia kwamba hilo la mgonjwa ndilo lililomfundisha maana ya ushirika kabla hajasikia neno lenyewe.

Mwaka mmoja nguruwe dume alimpasua babu paja, huko chini, mbali na mtu yeyote. Rafiki yake alilifunga kwa shuka, akamweka mgongoni, akaanza kuupanda mlima. Wanaoijua njia ya kutoka nyikani kwenda Mtae wanajua ni ukuta, si njia. Alimpumzisha mara nyingi, wakanywa maji yakaisha. Walifika usiku. Babu alikaa ndani miezi miwili, na muda wote huo yule Mpare alilala kwenye shamba la babu akiwafukuza nguruwe, wakati shamba lake bondeni likiliwa na nyani. Mahindi ya babu yalivunwa. Ya kwake hayakuvunwa.

Babu alipopona aliwaita wazee, akachinja mbuzi, akamkatia rafiki yake sehemu ya bonde la migomba, kutoka kijito mpaka kwenye jiwe. Hawakuchanjiana damu kama watu wa zamani, kwa kuwa dini zao zote mbili hazikuruhusu. Walikula sahani moja mbele ya mashahidi, basi. Mpare akahamia na mke na watoto wawili. Mtoto wa tatu alizaliwa Mtae, na mama yake akaugua vibaya baada ya kujifungua. Bibi yangu wakati huo alikuwa akimnyonyesha baba yangu. Alimchukua yule mtoto akamnyonyesha pia, mmoja kulia mmoja kushoto, kwa zaidi ya mwezi.

Wanaojua sheria ya dini yetu wameshanielewa. Mtoto yule na baba yangu ni ndugu wa kunyonya. Hawezi kuoa dada wa baba yangu, kama ndugu wa tumbo moja. Shangazi zangu hawakujifunika mbele yake. Alipofariki baba, ndiye aliyekaa na wafiwa, na watu waliokuja kutoa pole walimpa mkono kabla ya sisi watoto. Kwetu sisi ni baba mdogo. Mwanawe ni kaka yangu, na ndiye aliyeinamisha kichwa ukumbini. Binti ya kaka huyo yumo kwenye orodha ya wanaoomba ada mwaka huu, kidato cha tano.

Mawindo yaliisha taratibu, hakuna siku moja ninayoweza kuitaja. Mbwa wa mwisho wa babu alikufa nikiwa shule ya msingi. Walinzi wa misitu waliongezeka, na msitu wa Magamba sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ni kali, na kijana asome habari hizi kama historia, asitoke nazo na mkuki. Mimi mwenyewe, mtu wa ofisi, sina hata uwezo wa kumwua kuku bila kuomba msaada. Lakini nguruwe hawakuisoma sheria. Ukienda leo mashamba ya kando ya msitu utakuta mama peke yake kwenye kibanda, na debe la kupiga na tochi, usiku kucha, wiki nzima mahindi yanapokomaa. Jirani yuko kwenye kibanda chake na debe lake. Wanaume wengi tuko Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Ulinzi ambao zamani ulifanywa na watu kumi na mbwa kumi sasa unafanywa na mtu mmoja asiyelala, na asubuhi anatakiwa amwandae mtoto aende shule.

Nimeuliza mara kadhaa kwa nini mfuko wetu wa ada unajaa polepole wakati sherehe zetu mjini zinachangiwa kwa wiki mbili. Sijapata jibu. Lakini nakumbuka fungu la mgonjwa. Watoto wanaoomba ada ni wa hao akina mama wa vibandani, na anayeliangalia jina la ukoo kabla ya kuchanga anaanza kwa kuuliza mbwa ni wa nani wakati paa bado anakimbia.

Daftari letu la michango lina safu nne: jina, kijiji, kiasi, tarehe. Nililirithi hivyo kutoka kwa mweka hazina aliyenitangulia, na sijaona sababu ya kuongeza safu ya tano ya kuuliza babu yako alipandia njia gani. Jina la baba mdogo limo tangu ukurasa wa kwanza. Amechanga kila mwaka isipokuwa mmoja, aliokuwa amelazwa, na mwaka huo mke wake alichanga.

Hoja itarudi kwenye mkutano mkuu ujao kama ajenda ya nne. Nitakuwa mezani, upande wa kushoto wa mlango, kuanzia saa mbili asubuhi. Anayetaka kulikagua daftari kabla ya kupiga kura aje mapema, na kadi ya mchango iliyobandikwa nyuma ya kijitabu hiki aje nayo imejazwa.